Mbaya Wangu

Kazi yangu ni kuwasifia watoto nisiowajua. Ofisi moja ya matangazo huko Ufaransa hunitumia picha ya mtoto mchanga, na chini ya picha huwa pana neno moja la Kifaransa, nami nalitafutia mwenzake wa Kiingereza. Mtoto huwa ametoka kuogeshwa, povu bado liko utosini, au amevikwa suruali ya mistari na kulazwa juu ya shuka jeupe ambalo halijawahi kukojolewa. Sabuni, suruali na shuka, vyote ni vya kampuni moja. Kampuni hiyo haitaki kusikika kama kampuni. Inataka kusikika kama shangazi aliyeegemea mlango, kwa hiyo maneno yake si ya Kifaransa cha darasani. Ni ya jikoni na mitaani, sifa ambazo kamusi huzitaja kwa aibu na kuendelea.

Kifaransa nilikipata kwa miguu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitembeza wageni Mji Mkongwe, kutoka Forodhani hadi Darajani, nikijibu maswali kuhusu milango. Wafaransa wakigombana hawanong'oni, na mwenye masikio hujifunza mengi. Mmoja wao, mama anayefanya kazi ya matangazo, alinisikia nikimgeuzia maneno yake rafiki yake Mwingereza, akaomba namba yangu. Magoti yalikuwa yameshaanza kulalamika, nikaikubali kazi ya kukaa.

Nina njia yangu ya kuifanya. Neno likifika sianzi na maana yake. Nalihoji kwanza: wewe unasemwa na nani, kwa nani, na nani amesimama pembeni anasikia? Kuna neno la Kifaransa la kitu kinachopendeza ambalo pia ni jina la bundi. Nilipolikuta limeandikwa juu ya kichwa cha mtoto aliyelala, niliifunga kompyuta nikateremka kunywa kahawa. Lipo jingine ambalo ni kabichi, na jingine ambalo ni kile kipande cha kati cha tofaa kinachotupwa. Hivyo ndivyo wanavyomwita mtoto aliyewapendeza. Kiingereza cha matangazo nacho kina maneno matatu manne yaliyochakaa, na yule mama wa ofisini, ambaye ndiye anayepokea kazi yangu, alishayapiga marufuku yote. Alitaka neno ambalo mzazi atalitamka bila kufikiri.

Basi siku moja nikampa neno ambalo mimi ningelitamka bila kufikiri. Picha ilikuwa ya mtoto mwenye masikio yaliyosimama na mashavu mazito, mtoto wa kutazamwa mara mbili, mashaallah. Nikaandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba mtoto huyu ni mbaya wa sura. Yule mama akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimeniudhi. Nikamwandikia maelezo marefu. Akanijibu kwa kikatuni cha uso unaocheka, kisha akasema mteja anataka wazazi wanunue sabuni.

Maelezo yale marefu yalikuwa yanamhusu bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, alitulea Jambiani, mimi na mdogo wangu wa kiume, baada ya mama kufariki. Alikuwa mwanamke wa mwani, magoti majini tangu maji yakitoka mpaka yakirudi, na ulimi wake haukuwahi kulowa. Kwetu mtoto hasifiwi hivi hivi. Ukimwambia mtu mtoto wake mzuri bila kutanguliza mashaallah, atakutazama kuanzia miguuni. Bibi alikwenda mbali zaidi. Hata mashaallah aliiona haitoshi, kwa kuwa wapo wanaoisema kwa mdomo tu. Yeye kila alichokipenda alikiita kibaya. Mbuzi wake aliyezaa mapacha alikuwa mbaya. Sisi wawili tulikuwa wabaya kutwa nzima: njoo ule, mbaya wangu, ulikuwa wapi, mbaya. Nilipofaulu kwenda sekondari alinishika shavu, akanitazama muda, akasema, "Mbaya huyu," akaingia ndani kulia. Aliamini kuwa hasadi ikipita njiani ikasikia hivyo, itaendelea na safari yake. Mimi sisemi kama naamini. Najua tu kwamba mpaka leo nikifungua picha za wale watoto wa sabuni, natamka mashaallah kwanza, halafu ndiyo nashika kazi.

Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, kwa hiyo mimi alikuwa akiniita mume wangu. Jioni nilikuwa nikimpigia simu kumsomea maneno ya siku ile.

"Leo Wafaransa wanamwita mtoto kabichi," nilimwambia.

"La kupika ama la kuuza?"

"La kupenda."

"Wana njaa hao, mume wangu."

Siku nyingine lilikuja neno linalosema mtoto anapendeza kiasi cha kutafunwa. Kiingereza kina usemi unaolingana nalo, kwamba mtoto ni mzuri hata analika, na kampuni iliufurahia sana. Nilipomsimulia bibi, hakucheka.

"Waambie wasiseme hivyo," alisema. "Hapa kwetu anayemla mtoto wa mtu hatangazi."

Nikacheka mimi, na kazi nikaipeleka.

Kiharusi kilimkuta barazani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mama mdogo, binti yake wa mwisho anayeishi naye, aliona kamba imemteleza mkononi na haiokoti. Hospitali ilimrudisha nyumbani baada ya wiki kadhaa, upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda pembeni, na katika maneno yote aliyokuwa nayo limebaki moja. Daktari alitueleza kwamba hutokea. Mtu hupotewa na usemi wote, likasalia neno alilolizoea kuliko mengine, naye hulisema kwa kila jambo huku akidhani anasema analotaka.

Neno lenyewe lilikuwa mbaya.

Alipotaka maji alisema mbaya. Alipotaka kugeuzwa, mbaya. Wakati wa sala aliinua mkono wa kushoto mpaka sikioni, mdomo ukafunguka kwa takbiri, likatoka lile lile, akageukia ukutani. Huyu alikuwa mwanamke ambaye ugomvi wa kisimani ulikwisha akifika yeye, kwa kuwa hakuna aliyependa kujibiwa naye. Mama mdogo alikuwa na hofu moja tu, ya kalima. Aliogopa kwamba saa ikifika mama yake ataondoka na lile neno mdomoni badala ya shahada. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia moyo unatosha. Hakutosheka, akawa anamnong'oneza kalima sikioni kila alasiri, na bibi anamjibu mbaya.

Nilihamia Jambiani. Kazi yangu haijali nakaa wapi, mradi bando lipo na umeme haujakatika. Niliweka meza chumbani mwa bibi, karibu na mlango, ili anione. Yeye alilala ubavu akitazama kioo cha kompyuta, na nilipofungua picha za wale watoto aliinua kidole na kusema neno lake, pole pole, akimtolea kila mmoja. Tangu augue, hapo tu ndipo neno lile lilipokuwa mahali pake.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja wanawake wa mwani na uji na machungwa, wakaja wazee wa msikitini, wakaja watoto aliowapiga zamani kwa kumwibia mapapai, sasa watu wazima wenye ndevu. Kila aliyeinama kitandani alipokewa kwa neno moja. Waliomjua walicheka huku wanajifuta macho. Waliokuwa hawamjui sana walinitazama mimi. Nikawa mkalimani wake. Nilikuwa nageuza Kifaransa asubuhi na kumgeuza bibi jioni, kwa njia ile ile: anasema na nani, na nani anasikia? Mbaya ya chini, iliyovutwa, ilikuwa ahsante. Mbaya fupi ilikuwa basi, nimechoka, nendeni. Nilikuwa fundi, na nilijiona fundi, sitaficha. Wasioniamini walikaa kidogo, wakaweka machungwa yao juu ya kasha, wakaaga.

Mdogo wangu anaishi mjini. Ana duka Darajani, dogo kama kabati, la makava ya simu na chaja. Mke wake ni mtoto wa mjini, na alikuwa ameharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja kabla ya kupata huyu mtoto wa kiume. Alipotoka arobaini, wakamleta Jambiani kumwonesha bibi. Mtoto alikuwa amepakwa wanja wa nyusi na doa kubwa la wanja kwenye paji la uso, na mkononi amefungwa kifundo cha mvuje, kwa hiyo shemeji yangu hakuwa mgeni wa mambo haya. Alijua husuda ni nini na alikuwa akipigana nayo kwa kila alichokuwa nacho.

"Shikamoo bibi," alisema, akapiga magoti penye kitanda. "Tumekuletea kitukuu chako."

Bibi akainua mkono wake mzima, akauweka juu ya kichwa cha mtoto. "Mbaya," akasema. Machozi yakaanza kumtoka. Akasema tena, na tena, haraka haraka, sauti ikipanda, kwa sababu alikuwa na mengi ya kumwambia mtoto yule na njia ilikuwa moja tu. Mdomo ulikuwa umepinda, mate yakadondoka kwenye blanketi la mtoto. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma, analia na kucheka pamoja. Mimi nikamwambia shemeji, "Anamwombea dua. Hivi ndivyo alivyotulea sisi. Mashaallah, anasema mtoto mzuri."

"Nnafahamu, shemeji," alinijibu. Lakini alikwisha mwondoa mtoto chini ya mkono wa bibi na kumfunika uso kwa mtandio wake. Akakaa mlangoni mpaka wakati wa kuondoka, kwa adabu, akinywa chai aliyopewa.

Mwezi haukwisha mtoto akashikwa na homa. Ilianza kama mafua. Kifua kikabana, wakamkimbiza hospitali, na madaktari wakafanya walichoweza. Walisema ni mapafu. Mdogo wangu alimbeba mwenyewe mpaka makaburini, mikononi, kwa kuwa maiti ya mtoto mchanga haihitaji jeneza wala watu wa kupokezana. Nilitembea kando yake. Kila nikitaka kusema neno, nililiona halifai, mimi ambaye kazi yangu ni kuchagua maneno. 

Baada ya maziko nilikwenda kumpa mkono wa pole shemeji. Alikuwa amekaa na wanawake ndani, nami nilisimama nje ya pazia, na mama yake alimwambia kuwa nipo. Nikasema yanayosemwa. Akasema kutoka kule ndani, bila kupandisha sauti:

"Shemeji, kazi yako wewe ni kugeuza maneno. Watu wanakutia mkononi neno lolote, unawarudishia zuri. Mwanangu aliambiwa mbaya mpaka akafa. Usije ukanigeuzia na hilo."

 Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kumpelekea. Mtu aliyezika mtoto hutafuta kifo kilipitia mlango upi, na yeye alikuwa ameuona mmoja tu ulio wazi. Nikaaga nikaenda zangu.

Kutoka mjini mpaka Jambiani si mbali kwa gari, na maneno husafiri bila gari. Siku chache baadaye nilikwenda dukani kununua mkate. Wanawake wawili walikuwa wakizungumza na mwenye duka, na niliingia sentensi ikiwa haijakatika vizuri. "...kamla mwenyewe, kitukuu chake," mmoja alikuwa anasema. Aliponiona akauliza bei ya chumvi. Nilimtambua. Alikuwa mmoja wa walioletewa uji na bibi alipokuwa mzazi, miaka ile. Nilinunua mkate, nikarudi nyumbani, nikafungua kompyuta, na pale palikuwa na barua pepe ya yule mama wa Ufaransa. Alikuwa ananionesha bango lililokwisha chapwa. Mtoto wa mashavu, sabuni, na chini yake Kiingereza changu, kwa herufi za mviringo, kikisema mtoto huyu analika.

Nilimwandikia. Nilimwambia kwamba nyumbani kwetu amekufa mtoto, na kwamba maneno yale hayafai, na kama inawezekana yaondolewe. Alinijibu upesi, na sitasema hakuwa na huruma. Alinipa pole ndefu. Alisema mabango yameshatoka na hayarudi. Halafu akaniuliza kama ningeweza, nikipata nafasi, kumalizia maneno matatu yaliyobaki, moja la mtoto anayecheka, moja la mtoto mnene, moja la mtoto anayelala. Niliyamaliza jioni ile ile. La anayelala ndilo lililonichukua muda.

Wageni wakapungua, halafu wakakatika. Mwanzo walisema wana shughuli za mwani. Baadaye hawakusema chochote. Mama mdogo naye akaanza kufunga mlango wa mbele, akidai ni kwa ajili ya upepo, na sikuhisi upepo wowote. Bibi hakuambiwa kuwa mtoto amekufa. Nani angemwambia, na angejibu nini? Lakini aliuona mlango. Kila kitasa kikilia aligeuza shingo. Siku moja alinitazama, akaukunja mkono wake wa kushoto kifuani kama anayempakata mtoto, akaubembeleza huku na huku, akasema "Mbaya?" kwa sauti ya kuuliza. Hilo nililielewa vizuri kuliko neno lolote nililowahi kulipwa kwalo. Nikageukia kompyuta. Mama mdogo ndiye aliyemjibu, kutoka jikoni.

"Hajambo, mama. Yuko kwao."

Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka mdogo wangu aje akae kitandani kwa bibi kabla bibi hajafa. Watu wangemwona baba wa mtoto akiingia mlango ule mchana kweupe, na maneno yangekufa yenyewe, na bibi angeondoka akiwa bibi, si mla watoto. Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaenda Darajani.

Nilimkuta ameinama juu ya simu ya mteja, anabandika kioo. Alikuwa amekonda. Nilisubiri mteja aondoke.

"Bibi anakutaka," nilisema.

"Kakwambia?"

Hilo lilinichoma, na alikusudia linichome. "Kila mlango ukilia anageuza shingo," nikasema. "Hatazami dirisha, hanitazami mimi. Anautazama mlango."

Akapanga makava yaliyokuwa yamepangika. "Kaka, miye neno lile nnalijua. Nimelishwa nalo kama ulivyolishwa wewe. Nshamweleza mke wangu mpaka nimechoka. Kanambia, kama lilikuwa la mapenzi, kwa nini alikuwa analia? Hebu nambie nimjibu nini."

"Mjibu kuwa alikuwa mgonjwa."

"Na mwanangu naye alikuwa mgonjwa."

 Watu walipita na samaki, na muuza ndimu alikuwa akinadi nyuma yangu kwa sauti iliyonikera mno siku ile.

"Nikenda Jambiani," alisema mdogo wangu, "nikirudi mke wangu sitamkuta. Keshanambia. Na kwao watampokea. Nimeshazika mmoja, kaka, sasa nimpoteze na huyu?"

"Kwa hiyo bibi afe hivyo."

"Si kwamba namwacha, we. Siwezi. Hujui tofauti?"

Nilikuwa na maneno mengi, ya lugha tatu. Niliyasema mengine, na si ya kurudia hapa. Yeye alinipa chupa ya maji ya njiani, kama anavyompa kila mtu anayekwenda shamba, nikaipokea nikaondoka.

Bibi alikufa wiki ya pili baada ya hapo, asubuhi, mama mdogo akimsomea sikioni. Nilikuwepo. Midomo ilitikisika lakini haikutoka sauti yoyote. Mama mdogo anasema alimwona akiitamka kalima. Namwachia hilo, analihitaji. Mlango ukafunguliwa, na watu wakaja wote. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Walijaa uani, wakapika, wakashona sanda, wakalia kwa sauti, na yule wa chumvi alikuwa mbele yao akichambua mchele. Nilitamani kuwafukuza. Mama mdogo alinisoma usoni, akanipa sinia nipeleke nje.

Mdogo wangu nilimpelekea ujumbe tu, sikupiga simu. Alikuja msikitini watu wakiwa wameshapanga safu, akasimama safu ya mwisho, viatu mkononi. Baada ya sala, mzee wa msikiti akasimama mbele ya jeneza kama ilivyo ada ya upande wetu. Akaomba kwamba kama marehemu amemkosea mtu kwa mkono au kwa ulimi, basi amsamehe. "Tumemsamehe," watu wakasema. Akauliza wanamshuhudia vipi maiti huyu.

"Mwema," wakajibu.

Akauliza tena, wakajibu tena, na mara ya tatu. Sauti ilikuwa moja, nzito, kama ya watu walioingia chumbani mwake kila siku mpaka jana. Nilijibu pamoja nao kwa sababu ni haki ya maiti. Nilipogeuka kumtazama mdogo wangu, mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mzee mmoja karibu yake aliona pia, akatazama chini. Nikajisemea basi, yamekwisha, kijiji kizima kitakula chakula cha jioni kwa habari hiyo.

Mwanamke akizikwa, shuka hutandazwa juu ya kaburi ili macho ya watu yasimwone akiteremshwa, na wanaoshuka kumpokea ni ndugu zake wasioweza kumwoa. Mimi nilikwisha kubaliana na mtoto wa mama mdogo kwamba tutashuka sisi. Nikaingia. Aliyeingia baada yangu alikuwa mdogo wangu. Hakumwambia mtu, alimshika tu binamu yetu begani akamrudisha nyuma, akatia mguu. Pale chini palikuwa na nafasi ndogo, mchanga mweupe unaporomoka kila ukigusa ukuta, na mwanga ulikuwa wa rangi ya shuka. Wakamteremsha. Nilipokea miguu, yeye kichwa. Alikuwa mwepesi sana.

Tukamlaza ubavu wa kulia, ule uliokuwa umekufa zamani. Mdogo wangu akafungua fundo la sanda kichwani, akalifunua shavu na kuliweka juu ya mchanga. Alifanya yote sawa sawa, kwa kuwa alikuwa ameyafanya kwa mwanawe si muda mrefu uliopita. Kisha hakuinuka. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la bibi.

"Haya, mbaya wangu," akasema. "Nshakuja."

Juu, mtu akauliza kama tuko tayari waanze kupitisha mbao.

"Bado," mdogo wangu akajibu, akabaki ameinama pale, mkono juu ya sanda, akimwambia lile neno moja tena na tena.